Tuliyoyaona Rothamsted: Shamba na Daftari Lake

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twaishukuru Halmashauri kwa kutupa nafasi ya kusema mbele ya mkutano huu, na kwa kukubali maneno haya yapigwe chapa katika taarifa ya mwaka, ili ndugu zetu wasioweza kuhudhuria wapate kuyasoma kwa nafasi yao. Tuliombwa tueleze habari za safari yetu ya Uingereza ya mwezi wa Juni 2024. Wengi wametuuliza juu ya jiji la London, majumba yake na magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi. Hayo yamekwisha kuelezwa mara nyingi, na mwenye simu mkononi aweza kuyaona bila kulipa nauli. Sisi twapenda kusema juu ya shamba moja la ngano, kwa kuwa tuliyoyaona katika shamba hilo yahusu hoja iliyo mbele ya mkutano huu, yaani hoja ya kuziuza zile ekari tatu za Chama zilizoko nyumbani.

Kama mjuavyo, kazi yetu ni ukarani wa kutunza majalada. Mwajiri wetu alitupeleka huko kwa majuma matano tujifunze jinsi kumbukumbu za zamani zinavyohifadhiwa zisiliwe na wadudu wala kuozeshwa na unyevu. Mwalimu wetu, alipojua kwamba tumetoka katika nchi ya wakulima, alitushauri tusirudi nyumbani kabla ya kuona kumbukumbu za namna nyingine, ambazo si karatasi bali ni udongo na nafaka. Akatuandikia barua, nasi tukakaribishwa Rothamsted kwa siku moja.

Mahali hapo ni katika mji mdogo wa Harpenden, jimbo la Hertfordshire, kaskazini ya London. Safari ya gari la moshi haifiki saa moja. Mtu atazamiaye kuona maajabu ya mitambo atashangaa kidogo. Maabara yapo, na vyombo vyake ni vya kisasa, lakini kitu kiwaletacho wageni kutoka pande zote za dunia ni mashamba ya kawaida kabisa, yenye udongo mzito uliochanganyika na mawe ya gumegume. Mbele ya jengo moja pamesimama jiwe kubwa lililowekwa mwaka 1893 kukumbuka miaka 50 ya kazi. Tulipolitazama jiwe hilo tuliwaza kwamba, wakati lilipowekwa, reli ya kutoka Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa, na kumbe wenzetu hawa walikwisha kuandika habari za shamba lao kwa nusu karne.

Mwenye shamba hilo alikuwa bwana mmoja, John Bennet Lawes, aliyezaliwa mwaka 1814. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto, naye akalirithi shamba la wazee wake. Alipokuwa kijana alipenda sana elimu ya kemia. Aligundua ya kwamba mifupa ikimwagiwa asidi hugeuka kuwa mbolea ambayo mimea yaweza kuila upesi, na mwaka 1842 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Akajenga kiwanda karibu na London, akatajirika. Mwaka uliofuata, yaani 1843, alimwajiri mkemia kijana aitwaye Joseph Henry Gilbert. Watu hao wawili walifanya kazi pamoja kwa miaka 57, hata kifo kilipowatenganisha. Lawes alifariki mwaka 1900, na Gilbert akamfuata mwaka 1901.

Wazee wetu wataona jambo moja la kuwapendeza hapa. Maabara bora ya kwanza ya Rothamsted haikujengwa na serikali. Wakulima wenyewe, kwa kuona faida ya kazi ya Lawes, walichanga fedha wakamjengea, nayo ilifunguliwa mwaka 1855. Kwa lugha yetu ya leo twaweza kusema ilikuwa harambee. Baadaye, mwaka 1889, Lawes mwenyewe aliweka wakfu pauni 100,000 ili kazi isife pamoja naye.

Tukienda sasa kwenye shamba lenyewe, jina lake ni Broadbalk. Katika siku za Lawes wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya chakula cha mimea. Mwanachuoni mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alisema kwamba mmea hupata naitrojeni ya kutosha kutoka hewani. Lawes na Gilbert hawakutosheka na mabishano ya vitabuni. Waligawa shamba vipande virefu vyembamba, wakapanda ngano mwaka 1843. Kipande kimoja hawakukitia kitu chochote. Kingine walikitia samadi ya ng'ombe. Vingine walivitia mbolea za chumvichumvi, kila kimoja kwa namna yake na kwa kipimo chake. Mavuno yalipokuja wakapima, wakaandika. Mwaka uliofuata wakafanya vivyo hivyo, na mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba ngano haitosheki na naitrojeni ya hewani, bali yataka kulishwa.

Mtu mwingine baada ya kupata jibu lake angaliacha. Wao hawakuacha, wala waliowafuata hawakuacha. Ngano hupandwa Broadbalk mpaka leo. Kile kipande kisichotiwa kitu tangu mwaka 1843 bado hakitiwi kitu, na kile cha samadi bado hutiwa samadi, kiasi cha tani 35 kwa hekta, ambazo ni kama tani 14 kwa ekari. Sisi tulisimama katikati ya vipande hivyo kwa miguu yetu. Upande mmoja ngano ilikuwa fupi na ya kunyong'onyea, hata udongo ulionekana katikati ya mashina. Upande wa pili ilisimama nzito na yenye rangi ya kijani kibivu. Kipande cha njaa hutoa kama tani moja kwa hekta, yaani magunia manne na nusu ya kilo 90 kwa ekari. Vipande vilivyolishwa vizuri, kwa mbegu za siku hizi na kwa kubadilishana mazao, huweza kupita tani 10 kwa hekta katika mwaka mwema. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na mkulima ni yule yule.

Tulipoona kile kipande cha njaa, hatukuona kitu kigeni. Wengi wetu tunalo shamba la namna hiyo nyumbani. Tofauti ni kwamba wao wanaliweka kwa makusudi na wanajua limekuwa hivyo kwa sababu gani.

Pembeni mwa Broadbalk pana kichaka kilichotushangaza. Mwaka 1882 waliacha nusu ekari ya ngano bila kuivuna, wakasema, na tuone ngano ikiachwa peke yake itafanyaje. Baada ya miaka michache tu mashina machache yaliyosalia yalikuwa yamedhoofika hata hayafanani na ngano. Magugu yaliyashinda. Leo mahali pale pamekuwa msitu wenye miti mikubwa. Ngano ni kama mtoto: haiwezi kuishi bila mlezi. Wazee walijua hayo bila kwenda Ulaya, lakini hapa yamethibitishwa kwa tarehe.

Shamba la pili tuliloonyeshwa huitwa Hoosfield, ambalo hulimwa shayiri tangu 1852. Hapo pana kipande kilichotiwa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hata 1871, kisha kikanyimwa kabisa. Wazee wangu, udongo wa kipande hicho mpaka leo una rutuba kuliko jirani yake asiyepata samadi kamwe. Waliopeleka samadi ile walikwisha kufa zamani, na wana wao, na wajukuu wao. Kazi ya miaka 20 yasaidia bado baada ya miaka zaidi ya 150. Nasi twajua kwamba kinyume chake ni kweli pia, ya kuwa anayelinyonya shamba leo humnyang'anya mtu asiyezaliwa bado.

Jambo la tatu latuhusu kwa karibu zaidi. Shamba la majani liitwalo Park Grass lilianza majaribio yake mwaka 1856. Pale pasipotiwa mbolea pana aina nyingi sana za majani na maua madogo madogo. Pale panapotiwa mbolea ya salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka, bila chokaa, udongo umekuwa mchungu kwa asidi. Aina za majani zimepungua hata zikabaki mbili tatu, na majani makavu hulala juu ya ardhi kama mkeka kwa sababu hayaozi vizuri. Katika nusu zilizotiwa chokaa hali ni nyingine. Wote mliotoka sehemu zetu za magharibi mwajua ya kuwa udongo wetu mwingi una asidi, nao wakulima wengi huzidi kununua mbolea ile ile ya dukani kila mwaka, na kila mwaka huona mahindi yakipungua. Hulaumu mbegu, hulaumu mvua, hulaumu muuza duka. Huenda mwenye kosa ni asidi, na dawa yake ni chokaa, ambayo ni rahisi kuliko mbolea. Lakini hakuna awezaye kusema kwa hakika bila kuupima udongo na kuandika alichokitia.

Hata sasa tumesema juu ya mashamba. Sisi tulio makarani moyo wetu ulivutwa zaidi na ghala. Bibi mmoja mtaalamu alitufungulia mlango, nasi tukaona rafu kwa rafu, kutoka sakafuni hata juu, zimejaa chupa. Ndani ya chupa mna udongo, nafaka, mabua na majani makavu, kila moja na karatasi yake yenye jina la shamba, namba ya kipande na mwaka. Ziko zaidi ya 300,000, na za zamani kabisa ni za siku zile za mwanzo, mwaka 1843. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chupa zilipokuwa adimu, hawakusema kwamba kazi isimame kwa sababu ya vita, bali walitumia makopo ya bati yaliyobaki jikoni.

Tulimwuliza yule bibi, "Je, bibi, Lawes na Gilbert walijua chupa hizi zitatumika kwa kazi gani?" Akajibu kwamba hawakujua hata kidogo. Walijua tu kwamba kitu kisichowekwa hakiwezi kurudishwa. Kisha akatupa mifano. Mwaka 2005 watu wa Rothamsted na wenzao walitangaza kwamba wameichunguza ngano ya tangu 1844, wakatafuta ndani yake mabaki ya magonjwa mawili ya majani. Wakaona kwamba ugonjwa huu ulipanda na ule ukashuka kwa kufuata kiasi cha moshi wa salfa uliotoka katika viwanda vya Uingereza. Mwaka 2008 walitangaza kwamba madini ya zinki na chuma katika punje za ngano yalikaa sawa kwa zaidi ya karne, kisha yakaanza kupungua tangu katikati ya miaka ya 1960, wakati mbegu fupi zenye mavuno makubwa zilipoingia. Hata alama za mabomu ya atomiki yaliyojaribiwa katika miaka ya 1950 zimeonekana katika majani makavu ya Park Grass. Mwaka 1843 hakuna mtu aliyejua lolote juu ya bomu la atomiki. Lakini kwa kuwa karani mwaminifu aliweka majani katika chupa na kuandika mwaka, swali ambalo halijazaliwa lilikuta jibu lake limekwisha kuwekwa.

Methali yetu yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tulifahamu kwamba ardhi nayo ni mali.

Daftari nalo lahitaji mtu wa kulisoma. Mwaka 1919 Rothamsted ilimwajiri kijana wa hesabu, Ronald Fisher, aziangalie kumbukumbu za miaka 76 zilizokuwa zimejaa makabatini, aone kama zina maana yoyote. Alikaa hapo hata 1933, na kutoka katika madaftari yale ya ngano na mvua alitunga njia za hesabu ambazo leo hutumika ulimwenguni kote, hata katika kujaribu dawa za hospitali. Kwa wakulima wasiopenda hesabu, fundisho lake kubwa laelezeka kwa maneno machache. La kwanza, usiamini kipande kimoja. Rudia jaribio katika vipande kadhaa. La pili, kipande kipi kipate mbolea ipi kiamuliwe kwa kura, wala si kwa kupenda kwa mwenye shamba, kwa maana mwenye shamba atakipa kile akipendacho mahali penye rutuba, kisha ajisifu.

Husimuliwa juu yake habari moja ambayo sisi wanywaji wa chai tutaipenda. Wakati wa chai hapo Rothamsted, bibi mtaalamu, jina lake Muriel Bristol, alisema kwamba akionja kikombe aweza kujua kama maziwa yalitangulia au chai ilitangulia. Mabwana wakacheka. Fisher hakucheka, wala hakumwamini upesi, bali alitengeneza jaribio. Vikombe vinane viliandaliwa, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, akavionja bila kujua mpangilio wake. Mtu anayebahatisha tu ana njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na njia moja tu kati yao ndiyo sahihi. Walisimulia baadaye kwamba bibi yule alivipata vyote. Twaeleza habari hiyo kwa sababu ina adabu ndani yake. Katika mikutano yetu mtu akisema jambo, kwa kawaida sisi humcheka au humwamini, kulingana na umri wake na ukoo wake. Kuna njia ya tatu, nayo ni kujaribu kwa haki.

Yule bibi aliyetuongoza alipojua kwamba twatoka Kenya, alisema, "Basi kuna mambo mawili ya kwenu hapa." La kwanza lilitutia uchungu kidogo, na la pili likatufariji.

La kwanza ni pareto. Maua hayo asili yake ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, lakini kwa miaka mingi ya karne ya 20 Kenya iliongoza ulimwengu kwa kuyalima, na nyumba nyingi za nyanda za juu zilijengwa kwa fedha zake. Sumu ya pareto huua wadudu na haimdhuru sana mtu, ila ina udhaifu mmoja: mwanga wa jua huiharibu upesi. Huko Rothamsted mtaalamu Michael Elliott na wenzake walichunguza kwa miaka mingi jinsi sumu hiyo ilivyoundwa, kisha wakatengeneza maabarani vitu vinavyofanana nayo lakini vinavyostahimili jua. Kimoja, permethrini, walikitangaza mwaka 1973, na deltamethrini ikafuata mwaka 1974. Hatuwezi kusema kwamba kazi hiyo ilikuwa mbaya. Vyandarua vilivyookoa watoto wetu na malaria vimetiwa dawa za ukoo huo. Walakini soko la ua lenyewe lilipata mshindani mkubwa, na katika karne hii kilimo chetu cha pareto kilianguka sana, kwa sababu hiyo na kwa sababu nyingine za hapa kwetu pia, kama vile malipo yaliyochelewa. Sisi tuliuza maua makavu kwa kilo. Wenzetu walisoma kilichomo ndani ya ua. Hatusemi haya kwa kulalamika, bali ili kila mmoja aone gharama ya kuwa na mali bila kuichunguza.

La pili ni la furaha. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Rothamsted waliungana na wenzao wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na kazi yao ikafanyika hapa kwetu, Mbita, ukingoni mwa ziwa. Walitafuta dawa ya viwavi watoboao mabua ya mahindi. Waliona kwamba mmea uitwao desmodiamu, ukipandwa katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza nondo, na majani ya nepia yakipandwa kuzunguka shamba huwavuta nondo hao wakatage huko, ambako viwavi wengi hufa. Kisha likatokea jambo ambalo hawakulitazamia. Palipopandwa desmodiamu, kiduha, ambacho ndugu zetu Waluo hukiita kayongo, kilipungua sana. Mizizi ya desmodiamu hutoa vitu ambavyo huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia kushika mizizi ya mahindi. Tena desmodiamu huongeza naitrojeni udongoni, na pamoja na nepia ni chakula cha ng'ombe. Leo maelfu ya wakulima wa Afrika Mashariki wanatumia njia hiyo. Basi elimu hii haikutoka Ulaya peke yake, wala kwetu peke yetu, na tusiseme kwamba mambo kama haya hayawezekani Kenya. Hata Kabete, hapa karibu, lipo jaribio la shamba la mahindi na maharagwe lililoanzishwa mwaka 1976.

Bwana Mwenyekiti, sasa twarudi kwenye ekari tatu.

Tulipofika nyumbani mwezi wa Agosti, tuliwauliza wazee watano swali moja: kiduha kiliingia lini katika mashamba yetu? Mmoja alisema kabla ya mvua za El Nino za mwaka 1997. Wa pili alisema baada yake. Wa tatu alisema kililetwa na mbegu zilizonunuliwa sokoni, na wa nne akasema kilikuwako tangu utoto wake. Wa tano, ambaye ndiye aliyekuwa mkulima hodari kuliko wote, alikwisha kusahau. Wote ni watu wa kweli, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kutupoteza. Lakini kijiji kizima hakina ukurasa mmoja wa karatasi uwezao kuamua neno hilo.

Tunafahamu sababu za wale wanaotaka ekari hizo ziuzwe. Chama hiki kilianzishwa kwa ajili ya kusaidiana katika msiba na ugonjwa. Mfuko wa msiba umepungua, maombi ya karo yameongezeka, na shamba lile halileti kitu. Hoja yao si ya ubinafsi, nasi twaiheshimu. Walakini twaomba wakumbuke ya kwamba fedha za kuuza shamba huliwa mara moja, na mwaka ujao maombi yatarudi yale yale. Tukiyasoma maombi yenyewe, kwa kuwa sisi ndio tunaoyapokea na kuyaandika, twaona kwamba mengi huanzia mahali pamoja: mavuno hayakutosha, mahindi yakanunuliwa, karo ikakosekana. Twachanga kila mwezi kuyafuta machozi, na hatujachanga hata siku moja kuitafuta sababu yake.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu, na twaomba mkutano uyapigie kura pamoja na ile hoja.

Shauri la kwanza. Ekari tatu zisiuzwe. Ekari mbili zikodishwe kwa mkataba wa maandishi, na kodi yote iingie katika mfuko wa msiba. Ekari moja ibaki kuwa shamba la majaribio la Chama. Kwanza udongo wake upimwe Kabete, kisha igawanywe vipande 12. Vitatu visitiwe kitu, vitatu vitiwe samadi, vitatu mbolea ya dukani, na vitatu vipandwe desmodiamu pamoja na samadi. Kipande kipi kipate nini kiamuliwe kwa kura mbele ya wazee, kama alivyofundisha Fisher. Iwapo udongo utaonekana una asidi nyingi, nusu ya kila kipande itiwe chokaa.

Shauri la pili. Pawe na daftari. Iandikwe siku ya kupanda, mbegu iliyotumika, siku za palizi, mvua ya kila siku, na uzito wa mavuno ya kila kipande. Chombo cha kupimia mvua si ghali, na watoto wa shule iliyo jirani waweza kukisoma kila asubuhi kwa zamu. Rothamsted imepima mvua yake tangu 1853. Daftari liwe na nakala mbili, moja nyumbani na moja katika afisi ya Chama, na hesabu zake zisomwe kila mwaka katika mkutano huu, kama zisomwavyo hesabu za fedha. Pamoja na daftari iwekwe chupa ya udongo na chupa ya mahindi kutoka kila kipande, yenye jina na mwaka. Sisi twajitolea kuitunza kazi hiyo bila malipo.

Shauri la tatu. Vijana wanaojua kuandika watumwe kwa wazee kabla ya mwaka kwisha, wayaandike mashamba kama wazee wanavyoyakumbuka: palikuwa na nini, palilimwa nini, magugu yapi yalitangulia, miaka ipi ilikuwa ya njaa. Pale wazee wasipopatana, yaandikwe maneno ya wote wawili. Shauri hili halihitaji fedha, nalo ndilo la haraka kuliko yote. Katika mwaka huu wa Chama tumezika wazee wanne, na katika msiba hakuna mtu aulizaye habari za udongo.

Mtu atasema, Lawes alikuwa tajiri, sisi tu maskini. Ni kweli. Lakini utajiri wake ulinunua kiwanda na maabara. Kipande kisichotiwa kitu hakikumgharimu chochote ila uvumilivu, wala kalamu na chupa si vitu vya kuwashinda watu wanaoweza kuleta maiti kutoka Mombasa kwa michango. Mtu mwingine atasema, faida itaonekana lini? Sehemu yake itaonekana msimu wa kwanza, tutakapojua kama chokaa yafaa au haifai. Sehemu nyingine wataiona wajukuu, nao wataulizana ni nani aliyeweka chupa hizi. Yatosha wakikuta majina yetu yameandikwa juu yake, pamoja na mwaka.

Tumemaliza.  Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, twaomba kutoa hoja.